Kisasi, fidia na msamaha katika Biblia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hurudi kila mara kwenye jumuiya ndogondogo, vikao vya wazee wa kanisa na semina za ndoa mkoani Kigoma, kuanzia Ujiji na mwalo wa wavuvi wa Kibirizi hadi Kasulu na Kibondo. Nukuu ni za Union Version, ile Biblia ya mwaka 1952 ambayo bado imo kwenye mikoba mingi ya kwenda kanisani. Pale madhehebu yanapotofautiana, tumesema hivyo.

Hoja moja inapita kwenye majibu yote. Biblia inamnyang'anya aliyekosewa ruhusa ya kulipiza, inaikabidhi kwa Mungu na kwa hakimu, halafu inamgeukia mkosaji na kumdai alipe. Kiswahili kinatuchanganya hapa, maana kulipa na kulipiza ni ndugu wa tumbo moja. Ugomvi mwingi unaoletwa kwa wachungaji ni wa watu walioshindwa kuwatenganisha ndugu hao wawili.

## "Jicho kwa jicho" si amri ya kulipiza kisasi?

Hapana, ni kikomo chake. Anza na Mwanzo 4:23-24. Lameki anajigamba mbele ya wake zake, Ada na Sila, kwamba amemwua mtu aliyemtia jeraha, na kwamba kama Kaini alilipiwa kisasi mara saba, yeye atalipiwa mara sabini na saba. Hiyo ndiyo dunia isiyo na sheria: umenichubua, nakuua. Sheria ya Musa inaingia hapo na kusema jicho moja kwa jicho moja, basi. Ukoo wa mkosaji haumo.

Neno hilo limo mahali patatu: Kutoka 21:23-25, Walawi 24:19-20 na Kumbukumbu la Torati 19:21. Hapo pa tatu soma kuanzia mstari wa 15. Utakuta waamuzi, mashahidi wawili au watatu, na uchunguzi wa makini. Tena anayeadhibiwa pale ni shahidi wa uongo, anayetendewa lilelile alilotaka mwenzake atendewe. Kwa hiyo anayeambiwa "jicho kwa jicho" ni hakimu. Mwenye jicho lililong'olewa hakupewa kisu.

Na hata hakimu hakufungwa kulifuata neno kwa neno. Kutoka 21:26-27: bwana akimng'oa mtumwa wake jicho au jino, bwana hang'olewi, ila mtumwa anaondoka huru. Mistari ya 18 na 19 ya sura hiyohiyo: wawili wakipigana na mmoja akalazwa, mwenzake atalipia siku alizopoteza na kumwuguza mpaka apone. Hesabu 35:31 inakataza kupokea fidia kwa ajili ya uhai wa mwuaji. Walimu wa Kiyahudi wakaona kwamba kama fidia imekatazwa kwa mauaji, basi kwa jicho na jino inaruhusiwa. Mishna, mkusanyo wa mafundisho yao wa karibu mwaka 200 B.K., inataja mafungu matano ya malipo: hasara ya kiungo, maumivu, matibabu, siku za kukaa bila kazi, na aibu.

Mafungu hayo wangeyakariri wote wanaosuluhisha ugomvi wa mwaloni. Kwetu hulipwa la matibabu, mara chache na la siku za kazi, kisha watu wanapeana mikono. Lile la aibu huachwa, nalo ndilo linalorudisha panga mezani baada ya miezi sita.

## Basi Yesu aliifuta sheria hiyo?

Soma Mathayo 5:39 polepole: "mtu akupigaye shavu la kuume, mgeuzie na la pili." Kwa nini la kuume? Anayetumia mkono wa kulia akimpiga kofi aliyesimama mbele yake, kofi hutua shavu la kushoto. Ili litue la kuume ni lazima apige kwa mgongo wa mkono, na hilo ni kofi la dharau, la kumpiga mtu unayemhesabu kuwa chini yako. Mishna inaweka faini ya zuzi 200 (sarafu za fedha) kwa kofi la kiganja na zuzi 400 kwa la mgongo wa mkono, ambalo haliumizi zaidi ila linadhalilisha zaidi.

Kwa hiyo Yesu anagusa lile fungu la tano, la aibu. Mwanafunzi wake anaambiwa aache kudai heshima yake kwa ngumi au kwa faini. Haambiwi afunge mdomo. Yesu mwenyewe alipopigwa kofi mbele ya kuhani mkuu aliuliza, kama nimesema vema, wanipigia nini? (Yohana 18:23). Paulo na Sila, baada ya kupigwa viboko Filipi bila hukumu, walikataa kutolewa gerezani kimyakimya. Wakataka waliowafunga waje wenyewe wawatoe (Matendo 16:37). Aliyekosewa ana ruhusa ya kusema, tena kwa sauti.

## Mungu wa Agano la Kale si ndiye wa ghadhabu, na wa Agano Jipya ndiye wa upendo?

Aliyeitengeneza hoja hiyo vizuri kuliko wote ni Marcion, mwalimu wa karne ya pili, na kanisa la Roma lilimtenga mwaka 144. Haisimami kwa sababu ya mistari yenyewe. "Umpende jirani yako kama nafsi yako" imo Walawi 19:18, na imeanzwa kwa kukataza kisasi na kinyongo. Upande wa pili, roho za waliochinjwa katika Ufunuo 6:10 zinalia zikiuliza ni lini damu yao italipiwa kisasi, na hakuna anayezikemea.

Mvutano uko ndani ya kila agano. Kutoka 34:6-7 inamtaja Mungu kuwa mwingi wa huruma, mwenye kusamehe uovu, na papo hapo asiyemhesabia mwenye hatia kuwa hana hatia. Yona aliichukua nusu ya kwanza ya maneno hayo (4:2) akalalamika nayo, kwa sababu Ninawi ilikuwa imesamehewa. Nahumu aliichukua nusu ya pili (1:3) akaitangazia Ninawi hiyohiyo maangamizi, nayo ikaanguka mwaka 612 K.K. Vitabu hivyo viwili vimetenganishwa na Mika peke yake. Waliopanga orodha hiyo hawakuona haja ya kuficha mgongano.

## "Saba mara sabini" ni mara ngapi?

Wengine huzidisha wakapata 490. Kigiriki cha Mathayo 18:22 kinaweza pia kusomwa sabini na saba, na ni maneno yaleyale yaliyotumika kwenye tafsiri ya kale ya Kigiriki ya wimbo wa Lameki. Petro anauliza kuhusu mara saba, Yesu anajibu kwa tarakimu ya Lameki akiwa ameigeuza kichwa chini miguu juu. Aliyekaa na daftari akihesabu ameshapotea njia.

Mfano unaofuata hesabu yake ni ya kweli, na inafaa kuipiga. Dinari moja ni kibarua cha siku (Mathayo 20:2). Talanta moja ni kama dinari 6,000. Mtumwa wa kwanza anadaiwa na mfalme talanta 10,000, yaani siku milioni 60 za kazi, zaidi ya miaka 164,000. Tuseme kibarua ni shilingi 10,000 kwa siku: deni ni bilioni 600. Naye anasema, nivumilie, nitakulipa yote. Wasikilizaji wa kwanza nadhani walicheka hapo.

Sasa mwenzake, anayedaiwa na mtumwa huyo aliyefutiwa. Dinari 100 kwa kipimo hichohicho ni shilingi milioni moja. Wahubiri wengi huiita pesa ndogo, na hapo mfano huharibika. Milioni moja kwa mvuvi ni nyavu na mafuta. Yesu hasemi kwamba ulichotendewa ni kidogo. Ni kikubwa, ila umesimama mbele ya bilioni 600 zilizofutwa.

## Je, ni lazima nimsamehe asiyetubu?

Hapa Wakristo wanatofautiana, na kila upande una mstari wake. Luka 17:3 inasema, "kama ndugu yako akikosa, mwonye, akitubu msamehe." Kuna "mwonye" kabla, na kuna "akitubu". Marko 11:25 inasema unaposimama na kusali, samehe ukiwa na neno juu ya mtu, na toba ya huyo mtu haitajwi. Yesu msalabani aliwaombea waliomsulubisha kabla hawajaomba radhi, ingawa ni vema kujua kwamba baadhi ya nakala za kale za Luka hazina sentensi hiyo ya 23:34. Stefano alifanya vivyo hivyo (Matendo 7:60).

Njia inayoheshimu mistari yote ni kutenganisha mambo mawili ambayo Kiswahili huyaita kwa jina moja. Kuachilia ni kazi ya mtu mmoja: unatupa mpango wa kulipiza, hata kama mwenzako amekunja uso. Kupatana ni kazi ya wawili, na hakuwezekani mpaka mkosaji aseme kosa lake kwa jina. Yusufu aliwalisha ndugu zake katika Mwanzo 42, lakini hakujitambulisha mpaka sura ya 45, baada ya kumsikia Yuda akijitoa awe mtumwa badala ya Benyamini. Alikuwa anapima.

Na kupatana hakumaanishi kuishi pamoja. Yakobo na Esau walikumbatiana wakalia, kisha Esau akaenda Seiri na Yakobo Sukothi (Mwanzo 33:16-17). Mke aliyemsamehe mume anayempiga hajavunja Injili akiendelea kulala kwa dada yake.

## Hatua za Mathayo 18:15-17 zinafuatwaje, na zinaharibikia wapi?

Hatua ya kwanza: nenda, wewe naye peke yenu. Taja kosa moja, siku yake na mahali pake. Ukianza na "wewe siku zote", mmehama kutoka kwenye kosa na kuingia kwenye tabia, na tabia haina suluhu ya jioni moja. Usitume ujumbe wa simu, kwa sababu kesho utasomwa na kikundi kizima cha kwaya. Angalia na wakati. Anayevua dagaa hukesha ziwani giza la mwezi likiwepo, na asubuhi anauza huku macho yakimfumba. Mfuate wakati wa mbalamwezi, mitumbwi ikiwa nchi kavu na yeye amelala vya kutosha.

Hatua ya pili: chukua mmoja au wawili. Asili yake ni Kumbukumbu la Torati 19:15, kwa hiyo hao ni mashahidi, wanaosikia pande zote mbili na wanaoweza kukuambia kwamba mwenye kosa ni wewe. Ukiwachukua shemeji yako na rafiki yako wa kunywa naye, umempelekea kundi la kumzomea. Angalau mmoja awe mtu ambaye mkosaji mwenyewe angemchagua.

Hatua ya tatu: liambie kanisa. Kwa Wakatoliki kwa kawaida ni viongozi wa jumuiya na paroko. Kwa Waanglikana, Wamoravian na Wapentekoste ni baraza la wazee au mchungaji. Kipaza sauti cha Jumapili hakimo. Wengi huanzia hapa, kwenye matangazo, halafu wanashangaa kwa nini mtu kahamia kanisa jingine.

Hatua ya nne: "na awe kwako kama mtu wa mataifa na mtoza ushuru." Kumbuka kitabu hiki kina jina la nani. Mathayo alikuwa mtoza ushuru (10:3), na Yesu alikula mezani na watu wa namna yake. Aliyefikia hatua hii hahesabiwi tena kuwa mwenzenu katika ushirika, lakini bado anaalikwa. Adhabu ya kanisa iwe na mwisho uliotajwa. Paulo alipoandikia Korintho kuhusu mtu waliyemwadhibu alisema imetosha, msameheni asije akamezwa na huzuni (2 Wakorintho 2:6-8). Makanisa yanayomsimamisha mtu "mpaka tutakapoamua" humsahau kabisa.

Hatua ya kwanza haimhusu mtoto aliyeharibiwa wala mwanamke aliyebakwa. Hakuna andiko linalomtuma aliyeumizwa akae chumba kimoja peke yake na aliyemwumiza.

## Jirani kachoma shamba lake, moto ukaingia kwenye michikichi yangu. Ameomba radhi. Nidai fidia?

Dai. Kutoka 22:6 inaeleza tukio hilohilo: moto unashika miiba, unafika kwenye nafaka ya mtu mwingine, na aliyewasha lazima alipe. Angalia kinachokosekana kwenye mstari huo: hauulizi kama alikusudia. "Sikukusudia" ni neno zuri la kuombea msamaha, lakini halioteshi mchikichi.

Tofautisha basi: kwa ajili ya nia, msamehe leo; kwa ajili ya miti, hesabuni. Msikubaliane kiasi cha mwisho siku ya moto. Mchikichi una kitovu kimoja tu cha kukulia, juu kabisa katikati ya makuti. Makuti yakiungua na kitovu kikapona, mti hurudi. Kitovu kikifa, mti umekufa hata kama shina limesimama. Wekeni alama kwenye kila mti, subirini mvua ishike, mhesabu iliyotoa kuti jipya. Iliyokufa isilipwe kwa bei ya mche. Mche huchukua miaka mitatu hadi mitano kabla ya kuzaa, na mavuno ya miaka hiyo ni sehemu ya hasara.

Ng'ombe wakiingia shambani, mstari wa 5 unasema mwenye mifugo hulipa kutoka kwenye sehemu nzuri ya shamba lake mwenyewe. Gunia la mahindi yaliyoliwa na dumuzi halihesabiki. Mwite bwana shamba wa kata apime eneo kabla hujalima upya.

## Na mwizi anayejileta mwenyewe?

Torati inampunguzia. Aliyeiba akaungama hurudisha chote na kuongeza sehemu ya tano (Walawi 6:5, Hesabu 5:7). Aliyekamatwa na mali ya nyumbani hulipa mara mbili (Kutoka 22:7). Aliyeiba mnyama akamchinja au kumwuza hulipa ng'ombe watano kwa mmoja, kondoo wanne kwa mmoja (22:1). Kwa dumu la mawese la lita 20: ukijileta, lita 24, ukikamatwa, lita 40.

Zakayo alikuwa hajakamatwa na mtu, lakini katika Luka 19:8 alijitoza mara nne. Alijichagulia tozo ya mwizi wa kondoo. Yesu hakumwambia "acha tu, umesamehewa." Kiongozi wa kanisa anayemwondolea mwizi deni la mali isiyo yake anatoa sadaka kwa mfuko wa mwenzake.

## Mwizi akikamatwa usiku mtaani na watu wenye hasira, Biblia inasemaje?

Kutoka 22:2-3, na ni ajabu mistari hii haihubiriwi. Mwizi akipigwa akafa wakati anavunja nyumba usiku, hakuna hatia ya damu. Jua likiwa limechomoza, ipo. Tofauti ni kwamba gizani hujui kaja na nini. Mchana unamwona, unaweza kuita watu, na yeye atalipa kwa mujibu wa sheria. Mwizi aliyezungukwa na mtaa mzima, tochi za simu zikimmulika usoni, yuko kwenye mwanga. Tairi likiletwa hapo, damu imo juu ya waliolileta na waliosimama wakitazama.

Msemo wetu kwamba dawa ya moto ni moto hauna mstari wa kuuegemeza. Warumi 12:19 inasema "msijilipize kisasi, bali ipisheni ghadhabu ya Mungu", na mistari michache mbele, 13:4, mwenye mamlaka anaitwa mtumishi wa Mungu mwenye upanga. Paulo hakugawanya sura. Ni mkono mmoja wa barua. Upanga upo, ila si wako.

## Nikishasamehe, naruhusiwa kwenda polisi?

Ndiyo. Wakorintho walikatazwa kushtakiana mbele ya wasioamini (1 Wakorintho 6:1-8) kwa mambo ambayo ndugu wangeweza kuamua au kuvumilia: Paulo anataja kunyang'anywa. Kwenye madai ya aina hiyo, na kwenye ngumi za kawaida, sheria zetu nazo zinapenda suluhu. Mahakama inaweza kuhimiza wahusika wapatane kwenye shambulio la kawaida na makosa ya binafsi yasiyo makubwa.

Ubakaji haumo humo, wala ulawiti, wala kumjeruhi mtu vibaya. "Tuyamalize nyumbani" kwenye ubakaji, kosa la kifungo kisichopungua miaka 30, ni kuficha jinai. Aliyebakwa afikishwe hospitali mapema, na isizidi saa 72, kwa ajili ya dawa za kuzuia maambukizi ya VVU. Asioge kwanza. Nguo alizovaa ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi au kitambaa, kwa kuwa plastiki hutunza unyevu na ushahidi ukaoza. Polisi watatoa fomu ya matibabu ya PF3. Ulizia Dawati la Jinsia na Watoto. Kwa mtoto kuna namba 116, haina malipo.

Na anayesamehe ni aliyekosewa. Baba hawezi kusamehe kwa niaba ya binti yake kwa mbuzi wawili, na mchungaji hawezi kumharakisha binti huyo kwa Mathayo 6:15 (asiyesamehe hatasamehewa). Kama atafika kwenye msamaha miaka kumi baadaye, mfungwa akiwa bado ndani, utakuwa msamaha kamili.

## Mungu akisamehe, kwa nini adhabu inabaki?

Nathani alimwambia Daudi kwamba upanga hautaondoka nyumbani mwake, na Daudi alipoungama akamwambia "Bwana naye ameiondoa dhambi yako", lakini mtoto atakufa (2 Samweli 12:10-14). Daudi alisamehewa, Uria, ambaye Daudi alipanga auawe, akabaki kaburini. Ndoa, watoto na ufalme vilibeba matokeo. Daudi mwenyewe, tuseme ukweli, hakumaliza vizuri somo hili. Shimei alikuwa amemlaani, naye Daudi aliapa hatamwua. Kitandani pa kufa akamwachia Sulemani kazi hiyo (1 Wafalme 2:8-9). Biblia inaliandika bila kulisifu.

## Naweza kumsomea adui yangu Zaburi 109?

Kuna wanaoisoma usiku wa manane kwa mshumaa na jina la mtu kwenye karatasi, wakiifanya halbadiri ya Kikristo. Huko ni kutumia maandiko kama dawa ya kulogea.

Zaburi yenyewe ni ya mtu aliyesingiziwa, asiye na hakimu, anayemmwagia Mungu hasira yote. Kitendo chake ni kukabidhi: anasema yaliyo rohoni, halafu mkono wake unabaki mtupu. Zaburi 137 inaishia kwenye maneno mabaya kuhusu watoto wa Babeli, lakini hakuna anayenyanyuka kwenda Babeli. Kanisa Katoliki, lilipopanga upya Liturujia ya Vipindi, yaani sala zake rasmi za kila siku, baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, liliziacha Zaburi 58, 83 na 109 kwa sababu ya ugumu wake. Wengine huona ilikuwa hasara. Mtu aliyekimbia kijiji kinachoungua anahitaji sala isiyojifanya yuko sawa.

## Na yule aliyeua ndugu zangu, nikikutana naye?

Swali hili Kigoma ni la kweli. Mkoa umepokea waliokimbia Burundi tangu 1972, tena 1993 na 2015, na waliotoka Kongo tangu 1996, mwaka kambi ya Nyarugusu ilipofunguliwa. Foleni moja ya maji inaweza kuwa na watu wa pande zote mbili.

Hesabu 35 iliweka miji sita ya makimbilio. Aliyeua alikimbilia huko, mlipa kisasi akazuiwa mlangoni, na kusanyiko likachunguza: alikusudia au hakukusudia? Kama hakukusudia, alibaki humo mpaka kuhani mkuu afe. Kama alikusudia, alitolewa, na ilihitaji shahidi zaidi ya mmoja. Sheria hiyo haimwambii aliyefiwa kwamba hasira yake ni dhambi. Inamwambia asimame nje ya lango mpaka ukweli ujulikane.

Kwa hiyo usidaiwe kumkumbatia kwenye semina ya siku mbili. Kinachodaiwa leo ni usimguse wala usitume mtu. Unachokijua, kiseme kwa wenye mamlaka ya kuchunguza, jina, mahali na tarehe. Mengine yana muda wake.

## "Malipo ni hapa hapa duniani" ni neno la Biblia?

Si la Biblia. Mnara wa Siloamu uliua watu 18, na Yesu akakataa kwamba walikuwa wakosaji kuliko wengine (Luka 13:4). Mtumbwi wa adui yako ukizama, hujapewa ushahidi wowote.

## "Kumpalia makaa ya moto kichwani" si kisasi cha kijanja?

Warumi 12:20 inanukuu Mithali 25:21-22. Wafasiri wengi huyaona makaa hayo kuwa aibu inayomchoma mtu hadi atubu. Ukimpelekea uji ili aungue, mstari wa 21 unakukamata: "Usishindwe na ubaya, bali uushinde ubaya kwa wema."

## Nikiwa na kinyongo, nisiende mezani pa Bwana?

Mathayo 5:23-24 husomwa kinyume. Anayeacha sadaka madhabahuni ni yule ambaye *ndugu yake ana neno juu yake*, yaani mkosaji. Yesu aliyasema Galilaya, na madhabahu ilikuwa Yerusalemu, mwendo wa siku kadhaa kwa mguu. Ni kama kutoka Kigoma mjini hadi Kasulu na kuendelea, kisha kurudi kumaliza ibada. Aliyekosewa haambiwi hapo ajizuie. Wakatoliki wana kitubio kwanza kwa dhambi nzito. Makanisa mengine yana utaratibu wake, ulizia.

## Hati ya suluhu iandikweje?

Filemoni 18-19 ni mfano mzuri. Paulo anamwombea Onesimo, mtumwa wa Filemoni, msamaha, halafu anaandika: kama amekudhulumu au unamdai kitu, kiandike juu yangu, mimi Paulo nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe, mimi nitalipa.

Andikeni kosa kwa sentensi moja ambayo mkosaji mwenyewe ameikubali, "kutoelewana" haifai, andikeni "nilikata nyavu." Andikeni kiasi, kwa fungu: mali, matibabu, siku za kazi. Fungu la aibu mara nyingi hulipwa kwa maneno, kwa hiyo andikeni yatasemwa wapi na mbele ya nani. Kama alitukanwa mwaloni, radhi iombwe mwaloni. Tarehe ya kila malipo iwepo, pamoja na jina la atakayepokea na kitakachofuata malipo yakichelewa siku 14. Kila upande usaini, mashahidi wawili wasaini, nakala ziwe tatu, moja ibaki kwa katibu wa kanisa. Wasiojua kusoma wasomewe yote kwa sauti, kwa Kiha kama ndicho wanachokielewa vizuri, kabla ya kuweka dole gumba. Malipo ya mwisho yakifika, nakala zote tatu ziletwe pamoja na ziandikwe juu yake: limelipwa.